Axel Oxenstierna, kansela wa Uswidi kwa miaka 42: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Ya msingi

Axel Oxenstierna alikuwa nani?

Alikuwa kansela wa ufalme wa Uswidi kuanzia Januari 1612 hadi alipofariki Agosti 1654. Alikabidhiwa cheo hicho akiwa na miaka 28, na hakukiachia hadi kifo. Alimtumikia mfalme Gustav II Adolf, akaongoza serikali malkia Kristina alipokuwa bado mtoto, akaendelea chini ya Kristina mtu mzima, kisha akaishi wiki chache katika enzi ya Karl X Gustav, aliyevishwa taji Juni 1654.

Wengi humkumbuka kama fundi wa diplomasia wa Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648), vilivyopiganwa hasa Ujerumani kati ya Kaisari Mkatoliki na wapinzani wake, na kweli alikuwa fundi. Ila mimi naona kazi yake kubwa zaidi ilikuwa ofisini. Aliijengea Uswidi serikali iliyoweza kuendelea na kazi hata pasipo mfalme wa kuisimamia, na hilo lilikuja kupimwa kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia.

“Kansela” maana yake ni waziri mkuu?

Hapana, ingawa ukimlinganisha na waziri mkuu wa leo hutakuwa mbali sana na ukweli. Siku hizi tukisikia “kansela” tunafikiria kiongozi wa serikali ya Ujerumani. Kansela wa Uswidi wa karne ya 17 alikuwa mkuu wa ofisi ya maandishi ya mfalme: barua zote za serikali, mikataba, maagizo na muhuri vilipita mikononi mwake. Kwa utaratibu, kulikuwa na wakuu wengine waliomzidi daraja. Lakini anayeandika barua za nchi ndiye anayejua habari za nchi, na Oxenstierna aliitumia nafasi hiyo hadi ukansela ukawa ndio mhimili wa serikali nzima.

Jina Oxenstierna lina maana gani?

Linatokana na paji la uso la fahali, na ukitazama nembo ya ukoo wao utaliona paji hilo pamoja na pembe zake. Ni ukoo wa makabaila wa zamani wa jimbo la Uppland. Axel alizaliwa huko, katika shamba la familia la Fånö, Juni 1583. Baba yake, Gustaf Gabrielsson, alifariki mwaka 1597, na mama yake, Barbro Bielke, akabaki na watoto.

Alisoma wapi?

Ujerumani, katika vyuo vikuu vya Rostock, Wittenberg na Jena, kuanzia mwaka 1599 hadi 1603. Somo aliloliingia kwa kina ni teolojia ya Kilutheri. Watu hushangaa, maana walitarajia sheria au siasa. Lakini katika Ulaya ya wakati ule dini na siasa zilikuwa chungu kimoja. Pia alitoka huko akiimudu Kilatini barabara, na Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya mabalozi. Baadaye aliweza kuandikiana na kujadiliana na watu wa mataifa mengi bila mkalimani.

## Kupanda kwake

Kijana wa miaka 28 alipataje cheo kikubwa namna hiyo?

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1600, huko Linköping, Karl, aliyetawazwa baadaye kuwa mfalme Karl IX, aliwaua makabaila kadhaa waliokuwa wamesimama upande wa mfalme Sigismund, aliyekuwa akigombania naye kiti cha enzi. Mmoja wao aliitwa Ture Bielke, na Bielke ndilo jina la ukoo wa mama yake Axel. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika tabaka lililokuwa na kidonda kibichi. Hata hivyo aliporudi kutoka masomoni aliingia katika utumishi wa mfalme huyo huyo, akatumwa ubalozi nje, na mwaka 1609 akawa mjumbe wa Baraza la Ufalme.

Karl IX alifariki Oktoba 1611 akiacha vita na Denmark, Urusi na Poland kwa mpigo, na mrithi ambaye hajatimiza miaka 17. Makabaila waliona mlango umefunguka. Walikubali Gustav Adolf ashike madaraka mapema, ila kwa sharti atie saini hati ya kujifunga: hatatunga sheria, hataanzisha vita, hatafunga amani wala kutoza kodi mpya bila kushauriana na Baraza na bunge la matabaka. Oxenstierna ndiye anayehesabiwa kuwa mwandishi wa hati ile, na siku chache baadaye mfalme akamfanya kansela.

Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado inanigusa. Mtu aliyemwekea mfalme mipaka ndiye aliyechaguliwa na mfalme huyo huyo kuwa mkono wake wa kulia, na hawakugombana mpaka kifo kilipowatenganisha.

Uhusiano wake na Gustav Adolf ulikuwaje?

Walikamilishana. Mfalme alikuwa mwepesi wa hasira na wa kuthubutu, na vitani alipenda kuwa mstari wa mbele. Kansela alikuwa mtulivu kiasi cha kuwaudhi watu. Kuna kisa kinachosimuliwa sana: mfalme alilalamika kwamba kama wote wangekuwa baridi kama kansela, wangeganda. Kansela akajibu kwamba kama wote wangekuwa moto kama mfalme, wangeungua.

Kazini waligawana hivi: mfalme anapigana, kansela anatafuta pesa, chakula, askari na washirika, kisha anaketi mezani kutafuta amani. Mkataba wa Knäred wa mwaka 1613 uliimaliza vita na Denmark, lakini kwa bei kali: Uswidi ilitakiwa kulipa riksdaler (sarafu ya fedha ya wakati ule) milioni 1 ili kuikomboa ngome ya Älvsborg, ambayo ndiyo iliyokuwa njia yake ya bahari ya magharibi. Nchi maskini ilijikamua ikamaliza deni mwaka 1619. Mwaka 1617 mkataba wa Stolbovo uliifungia Urusi njia ya Bahari ya Baltiki.

Je, alihusika na kuzama kwa meli ya Vasa?

Hapana. Meli hiyo ilizama bandarini Stockholm tarehe 10 Agosti 1628, ikiwa ndiyo kwanza inaanza safari. Wakati huo Oxenstierna alikuwa Elbing, akitawala Prussia iliyotwaliwa na Uswidi kama gavana mkuu. Alikwenda huko mwaka 1626 na hakurudi kukaa nyumbani hadi 1636. Kazi yake kubwa kule ilikuwa kukusanya ushuru wa bandari, na baada ya mapatano ya Altmark na Poland ya mwaka 1629 ushuru huo ukawa nguzo mojawapo ya bajeti ya vita.

## Vita na diplomasia

Mfalme alipouawa, nani alishika usukani?

Wahenga walisema mti ukifa shinale, na tanzuze hukauka. Novemba 1632, katika ukungu wa uwanja wa vita wa Lützen huko Ujerumani, Gustav Adolf aliuawa. Aliacha mtoto mmoja tu, Kristina, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 6. Jeshi la Uswidi lilikuwa limetawanyika katika nchi ya kigeni, mishahara haijalipwa, na wakuu wa Kijerumani walioungana na mfalme walikuwa wanapimana macho.

Oxenstierna alikuwa Ujerumani wakati habari ilipomfikia. Miaka mingi baadaye alimsimulia balozi wa Uingereza, Bulstrode Whitelocke, kwamba katika vita vyote vile alikosa usingizi usiku mara mbili tu: alipopata habari za Lützen, na alipopata habari za kushindwa Nördlingen. Nyakati nyingine, alisema, alizivua shughuli zake pamoja na nguo za mchana.

Alipewa mamlaka kamili ya kuiwakilisha Uswidi Ujerumani. Aprili 1633 aliwaunganisha wakuu wa Kiprotestanti wa kusini na magharibi katika Muungano wa Heilbronn, naye akawa mkurugenzi wake. Kabaila asiye na taji akawa anawaongoza watu wenye mataji.

Muungano wa Heilbronn ulidumu?

Haukudumu. Septemba 1634 jeshi la Uswidi lilivunjwavunjwa Nördlingen, na mwaka uliofuata wakuu wengi wa Kijerumani wakapatana na Kaisari, mtawala Mkatoliki wa dola ya Kijerumani, katika amani ya Prague. Mwaka huo wa 1635 ndio uliokuwa mgumu kuliko yote katika maisha yake ya kazi. Washirika walimkimbia. Mapatano mapya na Poland yalimpokonya ushuru wa Prussia. Maafisa wa jeshi lake, wanaodai mishahara ya miaka, walimzuia Magdeburg kama rehani ya deni.

Katikati ya masaibu hayo, Aprili 1635, alisafiri hadi Compiègne kuonana na Kardinali Richelieu, kiongozi halisi wa Ufaransa. Kardinali wa Kikatoliki na mwanateolojia wa Kilutheri waliketi pamoja kwa sababu wote wawili walimhofia Kaisari. Ufaransa ilikuwa tayari imeahidi riksdaler 400,000 kwa mwaka tangu mkataba wa Bärwalde wa 1631, lakini ilitaka Uswidi ifuate ngoma yake. Oxenstierna aliburuta mazungumzo kwa miaka, hakuidhinisha asichokitaka, na mwafaka wa kudumu ulikuja mwaka 1638 huko Hamburg. Kwa mtu aliyekuwa na karata mbovu kiasi kile, huo ndio ufundi wenyewe.

Uswidi ilipata nini mwishoni?

Mkataba wa Westphalia wa mwaka 1648 uliipa Pomerania ya magharibi, mji wa Wismar, majimbo ya Bremen na Verden, na riksdaler milioni 5 za kuwalipa na kuwaaga askari. Kabla ya hapo, mwaka 1645, Oxenstierna mwenyewe alikuwa amekwenda mpakani Brömsebro kupatana na Denmark baada ya vita vifupi alivyovianzisha kwa siri kubwa. Huko Uswidi ilipata Jämtland, Härjedalen, visiwa vya Gotland na Ösel, na Halland kwa miaka 30. Fedheha ya Knäred ilifutwa na mtu yule yule aliyelazimika kuibeba akiwa kijana.

## Serikali aliyoijenga

Katiba ya mwaka 1634 ilisema nini?

Kwanza jina: yenyewe iliitwa Muundo wa Serikali, na ilipitishwa na bunge tarehe 29 Julai 1634. Haina habari za haki za raia. Inachoeleza ni nani anafanya kazi gani, wapi, na anawajibika kwa nani.

Iligawa serikali kuu katika idara tano: mahakama, jeshi, jeshi la maji, kansela na hazina. Kila moja ilikuwa na mkuu wake, lakini mkuu hakuamua peke yake. Aliketi na wajumbe, wakajadili, na uamuzi ukaandikwa. Nchi iligawanywa mikoa yenye wakuu wa mikoa walioteuliwa na kulipwa na serikali, na mkuu wa mkoa hakuruhusiwa kuwa kamanda wa jeshi hapo hapo. Ofisi zote kuu zilitakiwa kukaa Stockholm, ndipo mji huo ukawa makao makuu kwa maana halisi. Zamani serikali ilikuwa popote alipo mfalme na makasha yake.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya umma kwetu ataitambua sura hii: masijala, majalada, muhtasari wa kikao, barua inayoingia na kupewa namba. Oxenstierna aliupanga utaratibu wa ofisi ya kansela tangu mwaka 1618, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uswidi huhesabu umri wake kuanzia hapo. Tukilalamikia urasimu tunasahau kwamba jalada ndilo linalomwezesha karani mpya kuendelea pale alipoishia aliyeondoka. Mfalme alipokufa Lützen, majalada yalikuwepo.

Ni kweli alianzisha posta?

Serikali aliyoiongoza ndiyo iliyoianzisha, kwa amri ya mwaka 1636. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha taasisi kwa kiwango cha miguu ya mtu. Kando ya barabara kuu walichaguliwa wakulima wa kupokezana barua, nao wakapewa unafuu wa kodi. Mkulima alitakiwa kusikia baragumu, aache alilokuwa akilifanya, achukue mkoba na akimbie hadi kwa mwenzake. Maili moja ya Kiswidi, ambayo ni zaidi ya kilomita 10, alipewa saa mbili. Akichelewa, adhabu ilikuwa kifungo cha siku nane. Huenda barua aliyobeba ilitoka kwa kansela, na yeye hakujua kusoma hata anwani.

Je, hati ya 1634 ilikuwa yake au ya mfalme aliyekufa?

Aliiandaa akiwa Ujerumani na akaituma Stockholm, akisema kwamba Gustav Adolf aliikubali kabla hajafa. Wanahistoria wamebishana sana juu ya hilo, kwa sababu hati hiyo iliwapa makabaila nafasi kubwa wakati kiti cha enzi kilikuwa cha mtoto. Maoni yangu: mageuzi mengi yaliyomo yalikuwa yameshaanza mfalme akiwa hai, kama mahakama ya rufaa ya Svea ya mwaka 1614, lakini mkono uliopanga madaraka baina ya wakuu ni wa Oxenstierna. Kristina alipokuja kutawala mwenyewe, hakukubali hati hiyo imfunge.

## Lawama

Alijaza ndugu serikalini?

Ndiyo, na hakuna haja ya kulipaka rangi. Wakuu watano wa idara ndio waliokuwa walezi wa ufalme wakati wa utoto wa Kristina. Mmoja ni Axel. Mkuu wa mahakama alikuwa mdogo wake, Gabriel Gustafsson Oxenstierna. Mweka hazina alikuwa binamu yao, Gabriel Bengtsson Oxenstierna. Watatu kati ya watano, ukoo mmoja. Wawili waliobaki ni Jakob De la Gardie wa jeshi na Carl Carlsson Gyllenhielm wa jeshi la maji.

Wanaomtetea husema hao ndugu walikuwa watu wenye uwezo, na ni kweli walikuwa nao. Lakini tabaka lake lilinufaika mno. Ardhi ya ufalme iligawiwa makabaila na kuuzwa ili kugharamia vita, na baadaye mfalme Karl XI akalazimika kuirudisha kwa nguvu.

Vita hivi viliwagharimu nini watu wa kawaida?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe mara nyingi zaidi. Uswidi pamoja na Ufini haikuwa na watu wengi, na vijana waliandikishwa jeshini parokia kwa parokia, makasisi wakitoa orodha za majina. Parokia ya Bygdeå, kaskazini, imechunguzwa kwa makini. Kati ya 1621 na 1639 ilitoa vijana 230 kwenda vita vya Poland na Ujerumani. Waliokufa huko ni 215. Watano zaidi walirudi vilema. Wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa maradhi ya kambini.

Orodha zile zile safi, sehemu ya utaratibu niliousifu juu, ndizo zilizowapeleka. Bila orodha hizo tusingejua idadi yao. Bila orodha hizo pia isingekuwa rahisi kuwakamata.

Kwa nini alikosana na malkia Kristina?

Alimlea kisiasa. Kristina alipokuwa msichana, kansela alimfundisha mambo ya utawala, na mwenyewe aliandika baadaye kwamba alifurahia sana kumsikiliza. Shida ilikuja mwaka 1644, alipotimiza miaka 18 na kushika madaraka. Mwanafunzi alikuwa amejifunza vizuri kiasi cha kutotaka mwalimu amsimamie.

Walivutana hasa juu ya amani ya Westphalia. Ujumbe wa Uswidi uliongozwa na Johan Oxenstierna, mwana wa kansela, lakini malkia alitaka amani haraka na akamtegemea mjumbe wa pili, Johan Adler Salvius, ambaye hakuwa wa ukoo mkubwa. Hata hivyo, mwaka 1645 malkia alimpa kansela hadhi ya kabaila wa daraja la juu (count) wa Södermöre, na baada ya miaka kadhaa walipatana. Kristina alipotangaza nia ya kuacha kiti cha enzi, mzee alipinga kwa nguvu, akakumbusha kiapo ambacho yeye kansela alimwapia Gustav Adolf, baba wa malkia.

## Maswali ya kando

Ni kweli alisema dunia inatawaliwa kwa busara kidogo?

Maneno yanayonukuliwa, kwa Kilatini, ni ya kumwuliza mwanawe: hujui, mwanangu, ni kwa busara ndogo kiasi gani dunia hutawaliwa? Inasemekana alimwandikia Johan, aliyeogopa kwamba hataweza kusimama mbele ya mabalozi wazoefu huko Westphalia. Maneno kama hayo yamehusishwa pia na wengine, akiwemo Papa Julius III, kwa hiyo usiyachukue kama ushahidi wa mahakamani. Wengi huyasoma kama kejeli. Mimi huyasikia kama baba anayempa mtoto moyo.

Ana uhusiano wowote na Afrika au Amerika?

Upo. Mwaka 1638 Waswidi walijenga Fort Christina katika bonde la mto Delaware, wakati yeye ndiye kiongozi wa serikali, na koloni hilo lilianguka mwaka 1655, muda mfupi baada ya kifo chake. Kwa Afrika, mwaka 1649, akiwa bado kansela, kampuni ya mfanyabiashara Louis De Geer ilipewa kibali cha kufanya biashara pwani ya Guinea. Mwaka uliofuata mwakilishi wake, Henrik Carloff, alipatana na mtawala wa Fetu. Ngome ya Waswidi iliyofuata, Carolusborg, ndiyo chimbuko la ngome ya Cape Coast nchini Ghana, ambayo wageni huitembelea leo kwa sababu ya historia yake chungu ya utumwa. Afrika Mashariki hakuigusa.

Kwa nini tarehe zinatofautiana kitabu kwa kitabu?

Uswidi ilitumia kalenda ya Julius hadi mwaka 1753, ikiwa siku 10 nyuma ya nchi za Kikatoliki katika karne ya 17. Ndiyo maana vita vya Lützen vimeandikwa tarehe 6 Novemba mahali pengine na 16 Novemba kwingine. Zote ni sahihi.

Nikienda Uswidi nitamwona wapi?

Kasri la Tidö, karibu na Västerås, alilijenga yeye, na milango yake ya nakshi za mbao na makufuli yake ya ustadi bado ipo. Stockholm, karibu na kanisa kuu la Storkyrkan, kuna jengo lililokusudiwa kuwa kasri lake la mjini. Lilianzwa miaka yake ya mwisho na halikukamilika kama lilivyochorwa. Kaburi lake liko katika kanisa la Jäder, Södermanland.

Ukansela ulirithiwa na mwanawe Erik, aliyefariki mwaka 1656. Barua za baba zimehifadhiwa kwa wingi hata kazi ya kuzichapisha, iliyoanza mwaka 1888, imekuwa ya vizazi.